SIMITI SI UDONGO: Somo Juu ya Sakafu ya Nyumba za Kupangisha

 

Siku hizi vikundi vingi vya Lodwar na Kakuma vimetoka kwa kazi ya kusuka vikapu vya mikoma na kuchangiana pesa kila mwezi, vikaingia kwa kazi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Sababu tunaijua. Tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa Kakuma mwaka 1992, na tangu serikali ya kaunti ilipoanza Lodwar mwaka 2013, watu wengi wamekuja kufanya kazi na wanatafuta mahali pa kulala. Tena mbuzi akikosa mvua anakufa, lakini chumba kikiwa kizuri kinaleta kodi hata mwaka wa kiangazi. Hilo ni wazo zuri na tunalipongeza.

Nikitembelea vikundi, swali moja linakuja kila mara: "Tuweke sakafu gani ambayo haitaharibika upesi? Tuweke tailisi ama simiti?" Somo la leo ni jibu la swali hilo. Lakini kwanza nitawasimulia jambo moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea ndani yake.

JAMBO LILILOTUPATA

Kulikuwa na kikundi cha akina mama nje kidogo ya Lodwar. Waliweka akiba miaka minne, wakajenga vyumba vinne vya mabati na bloku. Zilipobaki pesa za sakafu, walinunua simiti ya kutosha na mchanga mzuri. Fundi akamwaga sakafu kwa siku tatu, akailainisha ikang'aa kama sahani. Sote tulifurahi.

Asubuhi iliyofuata fundi alisema sakafu imwagiliwe maji kwa wiki moja. Wakati huo ulikuwa wa kiangazi, na akina mama walikuwa wakichota maji mbali. Wakaniuliza. Nami nikajibu, mbele ya watu, kwamba si haki kumwaga maji chini wakati watoto hawana ya kunywa, na kwamba jua la Lodwar litakausha sakafu vizuri. Siku ya nne mpangaji wa kwanza, mwalimu, akaingia na vitu vyake.

Kabla ya miezi sita kuisha, kila akifagia, unga wa simiti unajaa kwenye fagio. Mtoto wake akawa anakohoa kwa vumbi. Karibu na mlango sakafu ikabanduka vipande kama ukoko wa ugali. Mwalimu akahama, na wengine wakamfuata. Vyumba vikakaa bure miezi mitatu, na akina mama wakalipa mara ya pili kubomoa na kumwaga upya. Akiba ya karo za watoto ilienda hapo.

Kosa halikuwa la simiti wala la fundi. Nilisema jambo nisilolijua, nao wakanisikiliza kwa sababu nina diploma. Niliomba msamaha katika mkutano wa kikundi, na ndiyo sababu ninaandika somo hili.

KWA NINI SAKAFU ILE ILIHARIBIKA

Sisi tumezoea udongo. Tofali la udongo likipigwa na jua linakuwa gumu. Ndani ya akai, mama anashindilia udongo, unakauka, unakuwa mgumu. Kwa hiyo tunafikiri simiti nayo ni vilevile: jua likiwa kali, itakuwa ngumu zaidi.

Sivyo. Udongo unakuwa mgumu kwa kupoteza maji. Simiti inakuwa ngumu kwa kushikana na maji. Maji yanaingia ndani ya unga wa simiti na kufanya kitu kipya kinachofunga mchanga na kokoto pamoja. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Baada ya siku 7 zenye maji, zege imepata karibu theluthi mbili ya nguvu ambayo itakuwa nayo siku ya 28. Maji yakiisha siku ya pili, kazi inasimama njiani. Juu inabaki unga, na ndani inabaki dhaifu.

Lodwar na Kakuma joto linapita nyuzi 35 mara nyingi, na upepo hautulii. Jua na upepo vinanyonya maji kutoka kwenye sakafu kuliko Kitale au Eldoret. Mama mmoja mzee wa kikundi kile alilielewa upesi kuliko mimi. Alisema ni kama ngozi: ukiianika juani bila kuitunza, inakakamaa na kupasuka.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "tailisi ama simiti", uliza: "Tuna maji ya siku 7, na nani atamwagilia?"

SAKAFU ZA KUCHAGUA

Tuangalie moja moja.

1. Udongo ulioshindiliwa. Haugharimu pesa, na kwa nyumba ya mwenyewe ni sawa. Kwa chumba cha kodi haufai. Una vumbi, mchwa wanapanda wanavyotaka, na mpangaji atalipa kodi ndogo au hatakuja.

2. Kapeti ya plastiki inayouzwa kwa mita. Inapendeza siku ya kwanza. Lakini mchanga unaingia chini yake, miguu ya kitanda inaitoboa, na ikiwekwa juu ya sakafu mbovu inaficha ubovu tu. Hiyo ni pambo, si sakafu. Mwachie mpangaji ajinunulie akitaka.

3. Simiti iliyopigwa niru, ya kawaida au yenye rangi nyekundu ya oksaidi. Fundi wa hapa anaijua, vifaa vinapatikana, na ikichimbika pahali inazibwa pale pale. Ikimwagwa vizuri inakaa miaka mingi. Rangi nyekundu inaficha madoa.

4. Tailisi. Ni nzuri, inaosheka, na mpangaji wa ofisi anaipenda. Lakini tailisi ni nguo, na mwili wake ni simiti iliyo chini. Simiti ya chini ikiwa mbovu, tailisi italia mashimo ukiigonga, kisha itapasuka. Mara nyingi zinatoka Kitale, safari ya karibu kilomita 300, na nyingine zinavunjika njiani. Ukinunua, ongeza 1 kwa kila 10 uweke akiba, kwa sababu mwaka ujao hutapata rangi ile ile. Usichague zile za kuteleza kwa choo na bafu.

5. Terazo. Ni ngumu sana na inadumu. Lakini inataka fundi maalum, mashine ya kusugua na maji mengi. Inafaa shule, zahanati au duka kubwa. Kwa chumba cha futi 10 kwa 10 gharama yake ni nzito.

Ushauri wangu: kwa vyumba vya kawaida, wekeni simiti yenye niru, na pesa ambayo mngenunulia tailisi iingie chini, kwa mawe, zege na maji. Kama chumba ni cha kujitegemea chenye choo ndani, wekeni tailisi kwa choo na bafu tu. Baadaye kikundi kikipata pesa, tailisi inaweza kuwekwa juu ya simiti nzuri. Lakini simiti mbaya haiwezi kutengenezwa chini ya tailisi.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 3, yaani karibu futi 10 kwa 10.

– Zege ya inchi 4: mifuko 6 ya simiti ya kilo 50.
– Skridi ya juu, sentimita 3: mifuko 3.
– Jumla: mifuko 9. Fundi akiwaambia mifuko 4 inatosha kwa yote, mwulizeni anaipunguza wapi.

Kuchanganya: tumieni debe la lita 20, si koleo. Koleo la asubuhi na koleo la jioni hayalingani, mtu amechoka.

– Zege: mfuko 1 wa simiti, debe 3 na nusu za mchanga, debe 7 za kokoto.
– Skridi: mfuko 1 wa simiti, debe 5 za mchanga.
– Maji ya zege: yasipite lita 25 kwa mfuko. Zege inayomwagika kama uji ni rahisi kwa fundi, lakini ni dhaifu kwa mwenye nyumba.

Sasa tufanye hesabu ya pesa. Huu ni mfano tu, kikundi kiweke bei za soko lake. Tuseme sakafu ya haraka inagharimu shilingi 9,000 na inakaa miaka 3. Sakafu nzuri inagharimu 15,000 na inakaa miaka 15. Kwa miaka 15 sakafu ya haraka itamwagwa mara 5, ni 45,000. Na kila mara chumba kinakaa bila mpangaji mwezi mmoja au zaidi. Basi ile ya bei rahisi ndiyo ghali.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Mahali. Tunajua laga ya Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma. Zinakauka miezi mingi, kisha siku moja zinakuja na maji mpaka mlangoni. Sakafu ya chumba iwe juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 15, na ukijua maji yamewahi kufika pale, panda zaidi. Kama maji hufika kila mafuriko, tafuteni ploti nyingine. Hakuna sakafu ya kushinda laga.

Hatua ya 2: Chini. Ondoa udongo laini, mizizi na takataka. Jaza na shindilia kwa gogo zito, tabaka kwa tabaka ya sentimita 15, ukirashia maji kidogo. Halafu panga mawe ya hadkoo, sentimita 20 hivi, shindilia tena, ziba nafasi kwa mawe madogo na mchanga. Wengi wanatupa mchanga mtupu na kumwaga zege juu. Mchanga unashuka, zege inabaki hewani, inapasuka.

Hatua ya 3: Mchwa. Mchwa wanatoka ardhini na kupita kwenye nyufa, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Dawa ya mchwa iwekwe ardhini kabla ya zege, na mtu anayeijua, amevaa glavu, watoto na mbuzi wakiwa mbali. Ukishamaliza sakafu, ziba kona zote. Fremu za milango ziwe za chuma mkiweza.

Hatua ya 4: Karatasi ya nailoni. Tandaza nailoni nzito ya ujenzi juu ya mawe kabla ya zege. Inazuia unyevu na chumvi ya ardhi kupanda. Pia inazuia mawe makavu kunyonya maji ya zege.

Hatua ya 5: Mchanga na maji. Mchanga wa katikati ya laga baada ya mvua ni safi kuliko wa ukingoni. Jaribu hivi: weka mchanga kwenye chupa safi mpaka sentimita 10, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa, acha saa moja. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sentimita 1, mchanga ni mchafu, uoshwe au utafutwe mwingine. Usichukue mchanga wenye ukoko mweupe wa chumvi. Na msichimbe karibu na visima vya laga au ukingo wenye nyumba, maana mtajenga chumba na kubomoa cha jirani. Maji yawe yale mtu anaweza kunywa. Ya kisima chenye chumvi yataacha madoa meupe sakafuni.

Hatua ya 6: Simiti. Bonyeza mfuko. Ukisikia mawe ndani, simiti imeshaganda, irudisheni dukani. Msinunue na kuweka miezi mingi. Iwekwe juu ya mbao, si chini, mbali na ukuta.

Hatua ya 7: Kumwaga. Anzeni alfajiri au saa kumi jioni, si saa saba mchana. Changanyeni juu ya bati au sakafu ngumu, si juu ya mchanga. Zege itumike ndani ya saa moja. Ikianza kukaza, msiongeze maji kuilegeza. Sakafu iteremke kidogo kuelekea mlangoni, sentimita 1 kwa kila mita, ili mtu akipiga deki maji yatoke. Baraza ndefu ikatwe kila mita 3, ili ikitaka kupasuka ipasuke kwenye mstari.

Hatua ya 8: Skridi na niru. Zege isilainishwe sana juu. Ikwaruzwe ili skridi ishike. Siku ya skridi, fagia vumbi lote, osha, paka uji wa simiti, ndipo umwage. Skridi ikimwagwa juu ya vumbi inabanduka. Huo ndio ule ukoko wa ugali niliowaambia.

Hatua ya 9: Maji, siku 7. Hapa ndipo tulipoanguka, na hapa ndipo nataka msikilize zaidi.

MAJI TUTATOA WAPI?

Najua hali yetu. Siwezi kumwambia mama aliyetembea saa mbili amwage mtungi wake sakafuni. Lakini iko njia ya kutumia maji kidogo.

Mara sakafu inapokaza kiasi cha kidole kutoingia, tandaza magunia yaliyolowa sakafu nzima. Juu ya magunia funika nailoni, na uibane pembeni kwa mawe ili upepo usiingie. Maji hayatoroki. Kwa chumba cha mita 3 kwa 3, mitungi 2 ya lita 20 kwa siku inatosha. Siku 7 ni mitungi 14. Ukimwaga maji wazi bila kufunika, utatumia mara nyingi zaidi na bado sakafu itakauka mchana. Milango na madirisha yakiwa bado, zibeni kwa mabati au turubai kuzuia upepo. Msitumie maji ya sabuni.

Zege ya chini ikikaa siku nyingi peke yake, nayo imwagiliwe, kisha skridi imwagiliwe tena. Kwa hiyo wekeni hesabu ya mitungi 28 kwa chumba, na iandikwe kwenye bajeti kama simiti inavyoandikwa. Kama maji ni ya kununua, nunueni. Kama kiangazi kimezidi na hakuna maji kabisa, acheni kumwaga sakafu mwezi ule. Subirini mvua. Kungoja hakugharimu kama kubomoa.

Kikundi kichague kamati ya maji. Watu saba, kila mmoja siku yake, asubuhi na jioni anainua nailoni, analowesha magunia, anatia sahihi kwenye daftari. Mifugo tunainywesha kwa zamu bila kusahau. Sakafu nayo ni ng'ombe wa kikundi kwa wiki moja.

KUPIMA KAZI KABLA YA KULIPA

Msimlipe fundi pesa yote siku anapomaliza kulainisha. Baki ndogo ikae mpaka siku 7 zipite, na mkubaliane hivyo kabla ya kazi kuanza, mkiandikiana. Pia mfundi ana haki yake: mkishindwa kumwagilia, msimlaumu.

Kisha pimeni:

– Gonga kwa fimbo kila pahali. Sauti ikiwa ya ngoma, pale skridi haikushika.
– Kwaruza kwa msumari. Mstari mwembamba ni sawa. Unga ukitoka mwingi, ni dhaifu.
– Mwaga maji kidogo mwone yanaelekea mlangoni au yanasimama.

Mpangaji asiingie kabla ya siku 7, na vitu vizito kama friji na mashine za posho vingoje mwezi. Wekeni sheria ndogo: kuni zipasuliwe nje, na makaa ya moto yasimwagwe sakafuni.

TUTAFAKARI

Katika Injili ya Mathayo 7:24-27 Yesu anasema juu ya watu wawili waliojenga, mmoja juu ya mwamba na mwingine juu ya mchanga. Mvua ilikuja kwa wote wawili. Sisi wa Turkana tunauelewa mfano huo kuliko watu wengi, maana tumeona laga ikija. Angalieni kwamba siku ya kumaliza ujenzi, nyumba zote mbili zilikuwa zinapendeza. Tofauti ilikuwa chini, pale ambapo wageni hawaangalii.

Tena tukumbuke kwamba kwa mila ya Waturkana mama ndiye mjenzi wa nyumba. Akina mama, msikae pembeni wakati fundi anachanganya. Simameni pale na debe lenu mhesabu.

Kikundi kile bado kiko. Sakafu ya pili ilimwagiliwa siku 7 kwa magunia na nailoni, na mimi nilipewa zamu ya Jumapili. Ilipopita wiki tuligonga kwa fimbo vyumba vyote vinne, na hakuna pahali palipolia kama ngoma.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Sakafu gani tumeona imeharibika kijijini kwetu? Ilimwagiliwa siku ngapi?
2. Kwetu maji ya mitungi 28 kwa chumba yatatoka wapi, na kwa bei gani?
3. Je, tunataka tailisi kwa sababu ya mpangaji au kwa sababu ya kuonekana?
4. Nani katika kikundi anaweza kumwambia fundi, au hata mfanyakazi wa kanisa, kwamba amekosea? Tufanye nini ili asiogope?

ZOEZI: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wafanye jaribio la chupa kwa mchanga wa mahali pawili tofauti, walete chupa zote mbili mkutanoni wote waone.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.